Pesa za mtoto niziweke wapi zisikatwe kodi?

MamaNasra_Malindi: Hamjambo wenzangu, mwanangu ana miaka miwili na kila nikiuza mahamri hapa Shella namuekea kitu, sasa kopo la maziwa limejaa noti za mia mia mpaka kifuniko hakifungi. Nataka zizae mpaka aingie sekondari. Money market (ile mifuko ya kuwekeza pesa kwa pamoja) naambiwa faida inakatwa kodi 15%, kuna pahala hawakati?

kijana_wa_Ngomeni: Dada, angalia infrastructure bond za serikali, yaani unaikopesha serikali pesa za miradi kama barabara, riba yake haikatwi kodi hata shilingi. Ile ya Februari 2024 ya miaka 8.5 ilitoka na 18.46% kwa mwaka, yaani hiyo yote yako. Unafungua akaunti ya DhowCSD, mtambo wa Benki Kuu wa kununulia bond, kwa simu, kwa jina lako wewe mzazi, riba inaingia benki kila miezi sita. Shida ni kianzio, kwa kawaida laki moja, so kusanya kwanza kwa money market, hiyo 15% ni ya faida tu, mtaji hauguswi. Lakini zitoe kwa kopo leo dada angu, panya hawana huruma!

BinOmar_Lamu: Kwetu wengi riba hatuli, mimi wanangu nawanunulia hisa za kampuni pale NSE, soko la hisa la Nairobi. Ukiuza kwa faida hulipi kodi ya faida ile, gawio, yaani faida kampuni inayowagawia wenye hisa, ndilo linakatwa 5%. Ila bei hupanda na kushuka, usitie pesa ya karo ya mwakani.

MamaNasra_Malindi: Shukran sana. Hiyo DhowCSD wanataka KRA PIN (namba ya mlipa kodi) ama kitambulisho chatosha?

kijana_wa_Ngomeni: Vyote viwili, na akaunti ya benki.