Bima ya gari kwa mzee aliyefungiwa leseni kwa kuendesha akiwa amelewa

Mwuliza swali

Ndugu wanajukwaa, salaam. Baba yangu mzazi ana umri wa miaka 73, na ameendesha gari tangu ujana wake bila kesi yoyote, lakini mwaka jana alikamatwa akiendesha akiwa amelewa, akatiwa hatiani na kufungiwa leseni. Adhabu hiyo inakaribia kwisha. Kampuni aliyokuwa nayo kwa miaka mingi imekataa kumpa bima tena, na nyingine tuliyoiendea imetaja ada inayozidi maradufu ya ile ya zamani. Ndugu mmoja wa familia anashauri nikate bima mimi kama dereva mkuu, na baba atajwe kuwa dereva wa mara mojamoja, ilhali yeye ndiye atakayeliendesha kila siku. Je, jambo hili linafaa? Na ipo njia halali ya kupunguza ada?

Wakala wa bima

Ndugu, nakusihi usilifanye. Fomu ya maombi huuliza waziwazi ni nani ataliendesha gari zaidi na kama kuna dereva aliyewahi kutiwa hatiani, nawe unatia saini kwamba uliyoyaandika ni kweli. Siku kampuni inapopokea ada yako hakuna atakayekuchunguza sana. Uchunguzi huja siku ya ajali, mkaguzi anaposoma taarifa ya polisi, akauliza gari hulala wapi na nani huonekana nalo kila asubuhi. Ikibainika kwamba fomu ilidanganya, kampuni inaweza kuufuta mkataba na kukataa kulipa. Na hata pale sheria inapoilazimisha kumlipa aliyegongwa, katika nchi nyingi inaweza kukugeukia wewe na kukudai ilichokitoa.

Ada ya mzee imepanda kwa sababu mbili zilizokutana. Ya kwanza ni kosa lenyewe. Ya pili ni umri: kampuni nyingi huanza kupandisha ada dereva anapofikia miaka 70 hivi, na sehemu ya sababu ni kwamba mwili wa mzee huumia zaidi katika ajali ileile ambayo kijana angetoka na michubuko. Umri hautarudi nyuma, lakini uzito wa kosa hupungua kadiri miaka inavyopita, kwa hiyo uliza kila kampuni inahesabu miaka mingapi na inaanzia tarehe ipi, ya kosa au ya hukumu. Mtafuteni dalali anayefanya kazi na kampuni nyingi, kwa maana zipo zinazowapokea madereva wa namna hii ambao wengine huwakataa. Kama gari limechakaa, fikirieni kuacha bima kubwa, ile inayofidia hata gari lenu wenyewe, na kubaki na ile inayowalinda watu wengine, ambayo sheria huidai.

Muuguzi

Mimi nitagusa jambo ambalo naona limepitwa. Mwili wa mzee una maji kidogo kuliko wa kijana, hivyo kiasi kilekile cha pombe huacha kiwango kikubwa zaidi katika damu, na dawa za usingizi au za kutuliza maumivu makali huongeza athari hiyo. Inawezekana kabisa kwamba mzee alikunywa kama alivyozoea miaka yote. Kabla hajashika usukani tena, mpelekeni akapimwe macho, na daktari azipitie dawa zake zote. Ripoti hiyo, pamoja na cheti cha mafunzo ya kujikumbusha udereva, baadhi ya kampuni huizingatia. Lakini hata zisipoizingatia, mimi ningeitaka kwa ajili yake na kwa ajili ya waendao kwa miguu.

Mchangiaji aliyeko Marekani

Kwa wasomaji walio huku: majimbo mengi humtaka dereva wa aina hii awe na SR-22, ambayo si bima bali ni hati ambayo kampuni huiwasilisha serikalini kuthibitisha kwamba ana bima, mara nyingi kwa miaka 3. Florida na Virginia hutumia FR-44, hati ya namna hiyohiyo, kwa makosa ya ulevi, nayo hudai kiwango kikubwa zaidi cha fidia. Bima ikikatika, kampuni huiarifu serikali, na leseni inaweza kusimamishwa upya.

Mwuliza swali

Nawashukuru sana. Tumeamua bima iwe kwa jina la baba na kosa liandikwe. Swali la mwisho: kwa miezi hii iliyobaki ambayo haendeshi, tuache gari bila bima?

Wakala wa bima

Ni vyema msiache pengo, kwa sababu baadhi ya kampuni hulihesabu dhidi ya mwombaji, na gari lililosajiliwa linaweza kudaiwa bima hata likiwa limeegeshwa. Kama mama au wewe ndiye utakayeliendesha kwa kweli katika kipindi hiki, kateni bima kwa jina la huyo, mweleze kampuni kwamba baba amefungiwa leseni, na ombeni aondolewe kwa maandishi katika orodha ya madereva. Leseni ikirudi, msimkabidhi ufunguo kabla jina lake halijaongezwa.