Nafundishwa kupima watoto kwa roboti. Nitaweza kwa mtoto halisi?

Mwanagenzi:
Shikamooni wakubwa. Nasomea saikolojia, tumeanza mazoezi ya WISC-V, kile kipimo cha akili cha watoto wa miaka 6 hadi 16. Mezani, badala ya mtoto, tumewekewa roboti fupi yenye sauti ya kitoto. Mwalimu anaiendesha akiwa chumba cha pili. Nilicheka. Kicheko kilikata kwenye kurudia tarakimu: unatakiwa utamke moja kila sekunde, mimi nikazimwaga kama mahindi. Ilipopatia nikasema, "Hongera, sawasawa!" Kumbe unaruhusiwa kusifu juhudi tu, si kumjulisha kama amepata. Sasa, haya mazoezi yatanisaidia kweli?

Peni_Nyekundu:
Marahaba mdogo wangu. Shukuru. Mimi nilijifunzia kwa mpwa wangu. Miezi minne baadaye akahitaji kupimwa kweli, na maswali anayakumbuka! Matokeo yake yakawa hayaaminiki, na kosa ni langu. Roboti huharibu nini? Faida nyingine: itawapa wanafunzi wote jibu lilelile la nusunusu, mwalimu aone nani kasahau kusema "hebu nieleze zaidi". Madaktari wamejifunza kwa waigizaji wa wagonjwa tangu daktari Howard Barrows aanzishe mtindo huo Marekani mwaka 1963. Lakini mtoto wa miaka sita umwambie akwame vilevile mara ishirini? Thubutu.

MamaPacha:
Mimi sijashawishika. Kama ni ile roboti iitwayo NAO, ya sentimita 58, vidole vyake vitatu hufunga na kufungua kwa pamoja. Vile vitofali vyekundu na vyeupe ambavyo mtoto huvipanga afuate mchoro, itavipangaje? Na hapo ndipo kazi ilipo: jicho moja kwenye saa, jingine kwenye mikono ya mtoto. Halafu kuna "sijui" ya asiyejua, "sijui" ya aibu, na "sijui" ya anayetaka kwenda chooni. Roboti ina uso mmoja.

Mwanagenzi:
Kweli, vitofali tumeviruka, tumeambiwa tutavifanya sisi kwa sisi. Hizo "sijui" nitamwomba mwalimu azijaribu, angalau kwa sauti na kwa kuinamisha kichwa. Mpwa wangu simgusi tena, nilikuwa nimeshamwahidi Jumamosi. Ila hiyo "hongera" jamani... jana imenitoka tena mara mbili, na roboti ikajibu "asante".