Meli kubwa kupita karibu na kisiwa: umbali salama unapangwaje?

Kirumba_Mwaloni:
Wakuu, heshima kwenu. Costa Concordia iligonga mwamba pale Giglio, Italia, Januari 13, 2012, watu 32 wakafa. Rada ilikuwepo, GPS ilikuwepo, na mwamba wenyewe uko kwenye chati (ramani ya baharini). Iligongaje? Na sisi tunaotoka Mwanza Kaskazini kwenda Nansio, tujifunze nini hapo?

OmoNaTezi:
Mkuu, GPS inakuambia ulipo, haikuambii tezi (nyuma ya meli) litapita wapi. Meli ikikata kulia, tezi linafagia kushoto, maana meli inazungukia sehemu iliyo karibu na omo (mbele ya meli). Concordia omo lilishavuka mwamba. Uliochanwa ni ubavu wa kushoto kuelekea tezi, zaidi ya mita 50. Hapo usukani unapelekwa kushoto, upande uleule wa mwamba, ili tezi liondoke. Nahodha aliagiza hivyo, mshika usukani akaanza kwa kupeleka kulia. Kwa noti 16 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa) meli inakula karibu mita 500 kila dakika, sasa hesabu mwenyewe.

Halafu chati. Uchunguzi ulikuta wametumia ya skeli 1:100,000 wakati ya 1:50,000, yenye undani zaidi, ipo. Kwenye hiyo ya 1:100,000, mstari wa penseli wa nusu milimita tayari umefunika mita 50!

Mzee wa Rada:
Naongezea mwendo. Meli ikikimbia kwenye maji ya kina kifupi inazama zaidi: chukua 0.65 (namba ya ujazo wa umbo la meli ya abiria), zidisha kwa mraba wa noti, gawa kwa 100. Noti 16 ni karibu mita 1.7, noti 8 ni mita 0.4 tu.

Kwa huku kwetu, ramani za zamani za Arc 1960 (mfumo wa zamani wa vipimo vya ramani) zinapishana na GPS kwa karibu mita 300. Nukta ya GPS usiihamishie humo kabla ya kuisahihisha. Tumia rada: chagua ncha ya kisiwa inayoonekana vizuri, chora kwenye skrini mstari sambamba na njia yako kwa umbali uliopanga, tuseme nusu maili. Ncha ikivuka mstari kuja upande wako, unasogea kisiwani, GPS iseme isemavyo.

Kirumba_Mwaloni:
Na kengele ya kipima kina, inayolia maji yakipungua kina? Wengi wanaizima.

OmoNaTezi:
Wanaizima kwa sababu imewekwa ovyo, inalia muda wote. Jumlisha kina cha mkuku (jinsi sehemu ya chini kabisa ya meli ilivyozama majini), kuzama kwa mwendo na akiba yako, ndipo uiweke. Ziwa Victoria likipanda kama 2020, miamba iliyokuwa inachungulia inafunikwa, usitegemee macho.