Mboga kwa goldifishi: zipi, mbichi au za kuchemsha, na kiasi gani?

Oranda_Tabata

Wakuu, habari za jioni. Nina goldifishi wawili aina ya oranda (wenye mwili mfupi wa duara), kila mmoja kama sentimita 10 bila kuhesabu mkia, tangi la lita 150, filta ya kuning'inia ubavuni, Dar, maji hayashuki chini ya nyuzi 27. Wanakula peleti zinazoelea asubuhi na jioni. Mmoja akishakula anapinduka, kichwa chini mkia juu, kama saa nzima, kisha anakaa sawa. Kinyesi chake kinaning'inia kama uzi mrefu. Ushauri ninaoupata kila mahali ni njegere. Sawa, lakini njegere zipi, zinaandaliwaje, ngapi? Na mboga nyingine je: mchicha, tango, karoti? Mbichi au za kuchemsha? Nahofia kuchafua maji.

FundiTangi

Mkuu, chukua njegere za kijani za sokoni au za friza. Za kopo zina chumvi, za kukauka ni ngumu mno kwa utumbo wake. Zote mbili achana nazo.

Chemsha maji matupu, bila chumvi wala mafuta. Njegere mbichi zikae dakika 3 hadi 5, za friza dakika 1 au 2. Zitoe, zitie kwenye maji baridi. Sasa ibane punje moja kati ya kidole gumba na cha shahada: ganda linateleza na ndani inachomoka ikiwa nusu mbili. Ganda tupa, kwa sababu haliyeyuki tumboni na ndilo linaloonekana likielea kwenye maji kama ngozi ya nyoka. Kila nusu ikate vipande vinne. Kipimo cha macho: kipande kisizidi jicho la samaki mwenyewe. Ukikiponda hadi kiwe uji, nusu ya uji huo itaishia kwenye sponji ya filta, si kwenye samaki.

Kabla ya hapo asipewe kitu saa 24. Goldifishi mzima hafi kwa siku mbili bila chakula, usimwonee huruma. Siku ya pili mpe punje mbili, umgawie kidogo kidogo, bila peleti. Siku ya tatu rudia. Kinyesi kikianza kukatika vipande vifupi na kuzama, utumbo umefunguka.

Sababu ya yote haya: goldifishi hana mfuko wa tumbo. Chakula kinasagwa na meno yaliyo kooni, kisha kinaingia moja kwa moja kwenye utumbo. Hana pa kuhifadhi mlo mkubwa. Na oranda ameumbwa kama mpira, matumbo yamebanana na kibofu cha hewa ndani ya mwili mfupi, kwa hiyo utumbo ukijaa anapoteza mizani. Goldifishi aina ya comet, mwenye mwili mrefu, hasumbuki hivyo.

Lakini hizo peleti zinazoelea ndizo ningezishuku kwanza. Akizifuata juu anameza hewa. Nunua zinazozama, au zitie kwenye kikombe cha maji ya tangi, zibane kwa vidole zitoe hewa, kisha umimine. Gawa chakula cha siku mara tatu badala ya mbili.

Kipimo_Kwanza

Nakubaliana na fundi kuhusu maandalizi, ila njegere zimefanywa dawa ya kila ugonjwa, jambo ambalo silo. Zinasaidia kitu kimoja: kinyesi kilichokwama. Anayeelea muda wote, hata baada ya siku tatu bila peleti, tatizo lake liko kwingine. Akilala sakafuni mapezi yamefungwa, au magamba yamesimama kama koni ya mvinje, njegere hazimfai kitu. Hapo maji yamejaa mwilini na ndani pameshaharibika.

Kabla ya kuchemsha chochote, pima maji. Amonia (sumu ya kinyesi na chakula kinachooza) 0, naitraiti (amonia iliyoanza kubadilishwa na bakteria, nayo ni sumu) 0, naitreti (hatua ya mwisho, si kali sana) chini ya miligramu 40 kwa lita. Nyuzi 27 si joto la goldifishi. Anapenda 18 hadi 23. Maji ya moto yanashika oksijeni kidogo, na amonia inakuwa kali zaidi. Kwa pH (kipimo cha asidi ya maji) ya 8, kwenye nyuzi 20 karibu sehemu 4 kati ya 100 za amonia yote ndizo zenye sumu; kwenye nyuzi 28 ni karibu 7. Uchafu ule ule, sumu karibu mara mbili. Ongeza jiwe la hewa, na feni ndogo inayopuliza juu ya maji inashusha nyuzi 2 au 3 (maji yatapungua haraka, jazia). Badilisha theluthi moja ya maji kila wiki. Maji ya bomba yenye klorini yakae wazi kwenye ndoo saa 24 au utumie dawa ya kuondoa klorini.

Kwa joto hilo mboga inayooza ni hatari kuliko kwa mtu wa Arusha.

MinjiNaSukuma

Huku Nairobi njegere ni minji, lakini samaki ni wale wale. Niongeze upande wa majani.

Letasi: ile ya majani ya kijani kibichi, si ile nyeupe ya duara, ambayo ni maji matupu. Inaliwa mbichi, ila ukiimwagia maji ya moto sekunde 30 inalainika na wanaichana kwa urahisi.

Mchicha na spinachi: dakika moja kwenye maji yanayochemka. Hazitaki kuwa chakula cha kila siku, zina okzaleti nyingi ambazo hushika kalisi. Mara moja kwa wiki basi.

Sukuma wiki: ondoa uti wa katikati, chemsha dakika 3. Mbichi ni kama kuwapa turubai.

Tango: menya, toa mbegu, kata vipande vyembamba. Wanapenda sana na halina lishe ya maana, kwa hiyo ni la kuwachangamsha tu. Zukini ni bora kidogo, nayo ichemshwe dakika 2.

Karoti: ichemshe mpaka kisu kiingie bila nguvu, kisha ikwangue kwa grata ndogo. Wengine wanaitoa wakitumaini rangi iwe nyekundu zaidi. Goldifishi hutengeneza wekundu wake hasa kutokana na zeazanthini (rangi ya asili ya mimea), ambayo spirulina (mwani mdogo wa kijani-buluu) inayo kwa wingi, na karoti inayo kidogo. Tafuta peleti zenye spirulina, karoti iache iwe mboga.

Viazi, mkate, ugali na wali: usiwape, ni wanga. Vitunguu pia hapana.

Majani yote ya sokoni yaoshe kwa maji yanayotiririka, jani moja moja pande zote mbili. Dawa ya wadudu iliyobaki kwenye jani wewe huioni, samaki wa tangi la lita 150 ataihisi.

Fungia jani kwenye kibanio chenye kikombe cha kunyonya kioo, karibu na sakafu, ili wasile wakiwa juu na kumeza hewa. Na usilale ukiwa umeliacha humo. Kwa maji ya nyuzi 27 toa masalia baada ya saa 4. Njegere na karoti iliyokwanguliwa baada ya saa 1. Vuta na mpira mwembamba.

Oranda_Tabata

Asanteni sana. Kipimo: amonia 0.25, naitraiti 0, pH 7.8. Nimebadilisha theluthi ya maji. Swali la mwisho: naweza kutengeneza chakula chenye mboga cha kuhifadhi kwenye friza, nisichemshe kila mara? Jelatini itafaa?

FundiTangi

0.25 si sifuri, rudia kubadilisha kesho na upunguze chakula. Njegere zisubiri.

Jelatini usiitumie Dar. Inaanza kulegea kwenye nyuzi kama 30, kwa hiyo kwenye maji yako itakuwa utelezi na wingu jeupe. Tumia agari ya unga, ile ya kutengenezea vitindamlo; ikishaganda haiyeyuki mpaka karibu nyuzi 85.

Gramu 200 za mboga zilizochemshwa: nusu njegere zisizo na ganda, robo sukuma, robo karoti. Gramu 100 za peleti za kusaga, au nyama ya samaki mweupe isiyo na miba wala chumvi, maana mboga peke yake haina protini ya kutosha. Maji mililita 250. Unga wa agari vijiko 2 vya chai. Saga mboga na peleti ziwe laini, uzipashe moto kidogo. Agari na maji vichemke dakika 2 au 3 huku unakoroga, kisha mimina ndani ya rojo la vuguvugu. Rojo likiwa baridi, agari inaganda papo hapo, unapata mabonge magumu na maji pembeni. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mimina kwenye sinia, unene nusu sentimita, ikishaganda kata vipande vya saizi ya ukucha, friza.

Ikiyeyuka itatoa maji kidogo, ni kawaida ya agari, kausha kwa tishu. Kata tena mpaka kipande kitoshe mdomo. Kwa oranda wako, kipande kimoja cha ukucha kwa samaki mmoja, mara 3 kwa wiki, badala ya peleti za mlo huo.

Kipimo_Kwanza

Nyongeza: safisha sponji ya filta kwa maji ya tangi uliyoyatoa, si ya bomba, kila ukibadilisha maji. Nyuzi za mboga huziba sponji taratibu, mkondo unapungua, na amonia inapanda wakati chakula ni kile kile.