Mrejesho: waipa zimepona, tatizo lilikuwa swichi

Nilisema waipa za gari langu la zamani zinakubali spidi kubwa tu, ndogo imekufa. Asanteni sana mliosisitiza nipime kwanza kabla ya kununua mota! Fyuzi ilikuwa nzima. Nikapeleka umeme moja kwa moja kwenye waya wa spidi ndogo, mota ikazunguka bila shida. Basi ni swichi.

Nilichomoa waya hasi wa betri, nikafungua kava la chini ya usukani. Usukani wenyewe haukuguswa. Ndani ya swichi, kipande cha shaba cha spidi ndogo kilikuwa cheusi tii, plastiki ya pembeni imeyeyuka. Mpya inashika spidi zote. Mkinunua, linganisheni pini za plagi, maana sura hudanganya.