Mjadala: Je, mahakama ifute uamuzi wa serikali kwa sababu hatua moja ya kisheria imerukwa?

Wachangiaji walionitangulia wanadai kwamba jaji anapobatilisha mradi wa serikali kwa kukosekana karatasi moja, anayeumia ni mwananchi aliyekuwa akiungoja. Napinga, na mfano wangu ni kadi za Huduma, yaani vitambulisho vya kidijitali, nchini Kenya.

Mwaka 2019 Wakenya walipanga foleni vituoni, wakapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole ili wapate Huduma Namba, namba ya utambulisho ambayo kadi hizo zingeibeba. Novemba 2020 serikali ikatangaza kwamba kadi zitaanza kutolewa. Tarehe 14 Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah wa Mahakama Kuu akaubatilisha uamuzi huo kwa ombi la Katiba Institute, shirika la kutetea katiba, kwani kifungu cha 31 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinataka tathmini ya athari, yaani kupima hatari kwa haki za wenye data, ifanyike kabla ya data za watu kuchakatwa pale hatari hiyo inapoweza kuwa kubwa, nayo haikufanyika.

Jaji hakusema kwamba kadi ni mbaya, wala hakupima kama fedha za umma zilitumika vyema, maana hayo si kazi ya mapitio ya mahakama. Swali lilikuwa kama maafisa walitenda ndani ya mipaka ya sheria. Tena, pamoja na kubatilisha, aliamuru tathmini ifanywe kwanza ndipo kazi iendelee, kwa hiyo anayesema mradi uliuawa mahakamani anatia chumvi.

Hoja moja ya wapinzani naipa uzito. Sheria hiyo ilianza kutumika Novemba 2019, miezi kadhaa baada ya alama za vidole kuchukuliwa, na jaji akaona kwamba inarudi nyuma, yaani inagusa hata yaliyofanywa kabla yake, kwa sababu haki ya faragha imo kwenye Katiba tangu 2010 (nayo, kwa sadfa, katika kifungu cha 31). Mimi nisingelazimika kufika huko: uamuzi wa kutoa kadi ulifanywa sheria ikiwa na takriban mwaka mzima, na huo pekee ulitosha.

Wanaosema tathmini ingefanywa baadaye wanamfikiria fundi anayepima udongo nyumba ikiwa imeshaezekwa. Basi wanieleze: afisa akiruhusiwa kuruka sharti hili kwa kuwa mradi una manufaa, ni sharti lipi lingine atakatazwa kuliruka, na nani atamkataza?