Matunda ya misindano (mipaini) yanajifunga kila asubuhi, nifanyeje?

MwalimuWaChaki:
Wakuu, habari za baridi. Nimehamia Njombe Januari kutokea Dar. Sasa ni Julai, ukungu hauondoki mpaka saa nne, maua ya uani yameungua kwa baridi, na sebuleni kwangu kuna viti vinne vya plastiki na kalenda. Jumamosi nikaingia kwenye shamba la misindano la jirani (nilimwomba, msinianze), nikaokota nusu kiroba cha yale matunda yake magumu kama mbao. Nikayapanga kwenye ungo mezani, pembeni chupa yenye nyasi kavu na tawi la mlingoti (mkaratusi) lenye majani ya rangi ya majivu. Nyumba ikapendeza, ila inanukia kama mtu aliyejipaka dawa ya mafua.

Tatizo ni kwamba mengine yamekaza kama ngumi tangu siku ile. Yaliyokuwa wazi niliyaosha, yakajifunga! Jua likiingia yanaachia kidogo, asubuhi ya ukungu yamefumba tena. Ungo umegandwa na utomvu, na jana nimekuta mdudu anatembea juu ya mwezi wa Agosti.

MkataMbao_Mafinga:
Mwalimu, hayajaharibika. Magamba yake yakinyonya maji, upande wa nje unavimba kuliko wa ndani, yanajikunja na kufunga. Yakikauka yanafunguka, mbegu ziruke siku ya jua na upepo. Misindano yetu hii asili yake Mexico, na matunda yake yanaweza kukaa mtini miaka yakiwa yamefumba, yanangoja joto. Sisi tukitaka mbegu tunayaanika juani kwenye turubai mpaka yaachie.

Kwako jua ni la kubahatisha, kwa hiyo fanya kama unaoka keki ya mkaa: sufuria kavu, mchanga chini, makaa machache juu ya mfuniko. Utayasikia yanaalika. Wadudu watakufa humo humo, na utomvu utayeyuka uyang'arishe. Jiko liwe nje, usifungie mkaa ndani kwa sababu ya baridi. Na usiondoke hapo, utomvu unashika moto haraka. Ukishamaliza, usiyaoshe tena, yafute vumbi kwa brashi.

MamaMakete:
Dada, utomvu wa kwenye ungo usugue na mafuta ya kula ndipo uoshe. Sabuni peke yake utachoka bure. Ukitaka rangi kidogo, changanya na maganda ya mjakaranda, yale bapa yaliyopasuka. Ila usije ukaenda Kitulo kutafuta maua ya kukausha. Kule ni hifadhi ya taifa tangu 2005, unaangalia tu.

MwalimuWaChaki:
Asanteni sana. Nimeoka manane, yamefunguka yote na yanang'aa. Nikayaacha barazani yapoe, nikaenda kipindi. Nimerudi nimekuta mawili. Mama mwenye nyumba anasema, "Mwanangu, umeniletea viwashio vizuri kweli, jiko limeshika mara moja." Nimeshindwa kumwambia. Kesho narudi kwa jirani na kiroba kizima.